Felitigi Ni Nani

Mafundi walikuwa wanapaka chokaa kaburi la mdogo wangu, pale mmoja wao, kijana mwenye kofia ya sufu, aliponigeukia na kuniuliza, "Bibi, hili jina la pili linaandikwaje?" Nilitamani kumchapa kwa fimbo yangu. Kosa halikuwa lake, najua. Lakini swali hilo nimeulizwa tangu nikiwa na meno ya utoto, na sasa sina meno. Nimeulizwa na walimu, makarani, manesi, wachungaji na wakwe. Nimeliona jina letu limeandikwa Feritigi, Fetigi, Felix Tigi, na mara moja, kwenye kadi ya kliniki, Firigisi. Nikamwambia kijana aandike anavyosikia, nami nitamsahihisha. Kisha upepo ukaniletea harufu ya chokaa mbichi kutoka kwenye ndoo yake, na hasira zote za nyumba yetu ya Iyunga zikanirudia.

Harufu hiyo ni ya babu mzaa baba. Sura yake imenitoka, ila mikono bado ninayo: mikono iliyopasukapasuka, yenye weupe ndani ya mipasuko ambao hakuna sabuni iliyoweza kuutoa. Alikuwa mwashi. Ujanani mwake, kabla ya vita vya kwanza, alijenga kanisa la matofali la misheni ya Wajerumani upande wa Iringa, na kazi ilipoisha alirudi kwao Nyololo na mwiko wa kujengea na jina jipya. Jina aliloondoka nalo nyumbani hakuna aliyelitumia tena. Akawa Felitigi. Watoto wake wakawa wa Felitigi, nasi wajukuu tukafuata, na katika ukoo mzima hakuna aliyejisumbua kumwuliza mzee, wakati bado anapumua, jina hilo maana yake nini. Ndivyo tulivyo. Tunasubiri mtu azikwe ndipo tunakumbuka maswali.

Baba alifanya kazi idara ya barabara huko Mbeya, na tulikaa Iyunga kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo ukuta wa katikati haukufika juu. Aliyekohoa chumbani aliitikiwa sebuleni. Mama alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, na jina langu alinipa yeye: Tusekile, yaani tumecheka. Sijui walicheka lini. Baada yangu walizaliwa watoto wawili na wote hawakukaa. Wa kwanza aliondoka kabla hajatambaa. Wa pili alikuwa ameanza kunishika gauni na kunifuata. Enzi hizo mtoto akifa watu walisema kwa sauti kwamba ni mapenzi ya Mungu, halafu wakienda nyumbani walianza kutafuta nani au nini kimemla.

Babu alifariki mama akiwa na mimba nyingine. Baba alirudi kutoka mazishini, akakaa kwenye kiti chake, akatangaza kwamba mtoto akiwa wa kiume ataitwa Felitigi, liwe jina lake la kwanza kabisa, ili mzee arudi nyumbani. Kwa watu wa kwao hilo halikuwa jambo la kujadili. Mama alikuwa akimenya viazi, akaendelea na viazi vyake.

Aliyejibu ni bibi mzaa mama. Alifika kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi kichwani, amekuja kumhudumia binti yake hadi ajifungue, na alipolisikia jina hilo aliutua mkungu mlangoni na hakuingia ndani hadi jioni. Sasa hapa lazima nieleze shida yangu. Bibi na baba walikuwa wanaheshimiana kama mkwe na mkwe, yaani hawakutazamana wala kusemeshana. Baba akiwa sebuleni, bibi alikuwa jikoni. Na kwa kuwa ugomvi ulikuwa wao wawili, na mama alikuwa amejilaza na miguu imevimba, aliyebeba maneno ni mimi.

"Mwambie baba yako," bibi aliniagiza, "hilo ni neno la Mjerumani, na maana yake ni kwisha. Mtoto haitwi Kwisha."

Nilipiga hatua chache hadi sebuleni na kumwambia baba, ambaye alikuwa amesikia kila neno. Baba naye, akitazama dari, aliniagiza nimwambie bibi kwamba maana yake ni fundi mkuu. Nikarudi jikoni. Bibi alikuwa amesikia pia, lakini alinisubiri nimalize ndipo akasirike. Siku nzima ilienda hivyo. Nilikuwa nakanyaga sakafu ileile kupeleka habari kwa watu waliokuwa nazo tayari, na nikikosea neno wote wawili wananisahihisha kwa pamoja.

Ukweli ni kwamba baba hakuijua maana. Alibuni. Basi akaanza kutafuta mashahidi, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kila mtu aliyewahi kupigwa na Mjerumani alijiona anajua Kijerumani. Jirani yetu, ambaye zamani alipika kwa ofisa mmoja, aliapa kwamba neno hilo maana yake chakula kiko mezani. Mzee wa kanisa alisema limo kwenye Waraka wa Paulo kwa Wafilipi, tukalitafute. Fundi viatu wa sokoni alisema ni jina la mji. Kila mmoja alisema kwa uhakika wa mtu aliyekula kiapo, akakaa, akasubiri chai. Mama alichemsha chai hiyo akiwa amejishika kiuno. Hakuna aliyemwuliza yeye anataka mtoto wake aitweje.

Nami, katika vurugu hiyo, nilikuwa na yangu. Siku moja nilimsikia bibi, ng'ambo ya ukuta, akimwambia mama, "Felitigi akitajwa, mtu haamki tena." Nikaelewa kila kitu. Felitigi ni mtu. Ni Mzungu mrefu mwenye ndoo ya chokaa, anapita nyumba kwa nyumba, na ndiye aliyewachukua wadogo zangu wawili. Chokaa niliiongeza mwenyewe, kwa sababu majeneza yao madogo yalipakwa chokaa na babu, na harufu ilibaki uani kwa muda mrefu. Halafu nikaona jambo baya zaidi. Shuleni mwalimu aliniita kwa jina hilohilo: Tusekile Felitigi. Kumbe mimi nilishaandikiwa.

Tangu hapo, mwalimu alipoita majina asubuhi, mimi sikuitika. Niliona nikiitika tu, Felitigi atajua dawati ninalokaa. Mwalimu aliita mara ya pili, akaniangalia nikiwa nimekaa mbele yake, akaniita tena. Nikainamisha kichwa. Alinichapa viboko vya mikono, na kesho yake tena, na baba alipoitwa shuleni alisema nimerithi kiburi cha Tukuyu. Bibi aliposikia hayo alisema nimerithi ukaidi wa Nyololo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini. Bado hilo linanikera, jamani, mtu mzima kama mimi. Watu wazima chungu nzima walikuwa wakibishana kuhusu neno, na mtoto aliyekuwa anachapwa kwa ajili ya neno hilo hakuulizwa.

Mwisho baba alichoka kushindwa na mkwewe. Aliamua kwenda Nyololo kumwuliza Babu Yohana, mdogo wa marehemu, ambaye alifanya kazi naye kwenye lile kanisa. Mimi alinichukua ili nipumzishe mikono. Aliniambia tu, "Twende kwa Felitigi," akimaanisha nyumbani kwa babu.

Nililia kutoka Uyole. Basi lilikuwa limejaa vumbi na magunia, nimebanwa dirishani, na kila lilipopunguza mwendo nilijua amepanda. Tulipofika Igawa baba aliishiwa uvumilivu, akaniuliza nalia nini. Nikamwambia namwogopa Felitigi. Baba alinikodolea macho. "Felitigi ni babu yako, we mtoto," alisema. Nikamkumbusha kwamba babu amekufa. Akasema ndiyo, amekufa. Kwa hiyo sasa nilijua kwamba Felitigi ni mfu, na niliendelea kulia hadi Makambako, ambapo alininunulia hindi la kuchoma ili nipate cha kuziba mdomo.

Babu Yohana tulimkuta amekaa kwenye jua nyuma ya nyumba, amevaa koti zito, na kibuyu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, kando ya mguu. Ndoo ya babu ilikuwa hapo ukutani, ina chokaa iliyokauka ndani, na mwiko umesimamishwa humo. Nilikaa mbali nayo. Tulisalimiana kwa salamu ya kwao, kamwene nyingi, tukauliza hali za watu, mahindi na ng'ombe, hadi baba akaanza kutikisa goti. Ndipo akauliza lile neno ni kwisha au ni fundi.

Babu Yohana alicheka hadi ulanzi ukampalia. Alisema wala si kwisha wala si fundi. Lilikuwa jina la yule Mzungu mjenzi. Na walilijuaje? Kwa sababu alilitaja mwenyewe kila siku. Alipofika kwenye mstari wa mwisho wa matofali, akaona ukuta umenyooka na timazi inaning'inia sawasawa, alijinyoosha pale juu, akapiga kelele, Felitigi. Milango ilipokaa, Felitigi. Kengele ilipopandishwa, Felitigi.

"Sisi tulimwelewa mara moja," alisema. "Hata kwetu, mtu akiangusha mti mkubwa au akirudi na mnyama, si anajitaja? Tukasema, kumbe na Wazungu wanajigamba. Tukawa tunamwita Bwana Felitigi. Siku ya kwanza alitushangaa, baadaye akawa anacheka na kuitika."

Baba aliuliza babu yetu alilipataje. Babu Yohana alisema marehemu ndiye aliyeachiwa ukuta wa nyuma ya madhabahu aujenge peke yake, mtu mweusi wa kwanza kupewa ukuta. Alipoumaliza, Mzungu alikuja na timazi yake, akapima huku, akapima kule, asione kosa lolote. Marehemu akajinyoosha pale juu na kujigamba kwa jina la Mzungu. Watu wote waliokuwa chini walipiga vigelegele. Kuanzia siku ile jina likawa lake.

Sijawahi kumwona baba akiwa na furaha kama aliyokuwa nayo njiani kurudi. Aliimba ndani ya basi. Nami nilikuwa nafanya hesabu zangu: kama Felitigi alikuwa Mzungu anayejenga makanisa na babu alimchukulia jina, basi huenda alikuwa analitafuta. Sikuona habari njema yoyote hapo.

Tulipofika Iyunga tulikuta mama amejifungua. Alikuwa mtoto wa kiume, mwekundu, mwenye sauti ya kukwaruza, amefungwa kanga mbili kwa ajili ya baridi. Bibi alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda. Baba hakuingia, kwa sababu mkwewe alikuwa ndani. Alisimama mlangoni amegeuzia uso uani, akaniambia nimweleze bibi yote aliyosema Babu Yohana. Nikasimulia, mjenzi, timazi, ukuta, vigelegele. Nilisimulia vizuri, nadhani. Baba alinisaidia kwa kukohoa kila nilipofika pazuri.

Nilipomaliza bibi hakuniagiza neno. Aliinuka taratibu, akaenda hadi mlangoni, akasimama nyuma ya mgongo wa baba, na akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alimsemesha.

"Mkwe wangu," alisema, "nilikuwa na kaka. Wajerumani walimchukua wakati wa vita awe mpagazi. Akaanguka njiani, mguu umeoza. Mjerumani mmoja akaja, akamtazama, akasema neno lenu hilo. Felitigi. Wakamvua mzigo, wakamtwika mwingine, wakaondoka, na yeye anawaangalia. Aliyenisimulia ni huyo aliyetwikwa. Sasa nieleze wewe unayejua. Yule naye alikuwa anajigamba?"

Baba alibaki anatazama uani. Nilimwona masikio yake yakibadilika rangi. Furaha yote ya Nyololo ilikuwa imemtoka, na nilimhurumia, na nilimhurumia bibi zaidi, kwa sababu alikuwa amesimama na mikono mitupu. Na hapohapo, nikiwa nimesimama katikati yao kama kawaida, nikaelewa kwamba Felitigi si mtu. Ni neno tu. Mtu mmoja alilisema juu ya ukuta na mtu mwingine akalisema juu ya kaka wa bibi. Halina miguu, haliwezi kupiga hodi.

Aliyesema ni mama. Alikuwa amechoka, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoshwa na wote.

"Mama," alisema, "mjomba hakuitwa hilo neno la Mjerumani. Alikuwa na jina. Alikuwa anaitwa nani?"

Bibi alikaza kanga yake. Mama akauliza tena. Mimi nilikuwa nimeishi na bibi wiki zote hizo, nimebeba maneno yake yote, na hata siku moja sikumsikia akimtaja kaka yake kwa jina. Nadhani alikuwa hajalitaja tangu vita. Ilimchukua muda kulitoa.

"Ambilikile," alisema.

"Basi mtoto ni Ambilikile," mama alisema. "Ambilikile Felitigi. Yeye mwenyewe hajui Kijerumani, msimtishe. Tusekile, niletee maji."

Na ikawa hivyo. Baba hakufurahi, maana alitaka jina la baba yake liwe mbele. Bibi hakufurahi, maana alitaka lisiwepo kabisa. Walinung'unika kila mmoja upande wake, na kwa miezi kadhaa niliendelea kupeleka manung'uniko. Lakini mtoto alikaa. Alitambaa, akanishika gauni, akapita umri wa yule mwingine, na bibi akaanza kulala usingizi. Nami shuleni mwalimu aliponiita niliitika kwa sauti kubwa mno, akanichapa kwa kosa la kupiga kelele.

Ambilikile, kwa wasiojua Kinyakyusa, maana yake ameniita. Mdogo wangu aliishi na jina hilo hadi nywele zikawa nyeupe kama mikono ya babu. Aliendesha malori ya mizigo kati ya Iringa na Mbeya, akazaa, akazika baba, mama na bibi, na akanichosha kwa ubishi katika kila kikao cha ukoo. Wote waliohofia kwamba ataisha, aliwaona wakiisha wao. Alipougua mara ya mwisho alinituma nimletee soda, na niliporudi alikuwa ameshaondoka. Hata hilo sijamsamehe.

Basi tulikuwa pale Nyololo, kando ya kaburi la babu, tukisubiri kijana wa kofia ya sufu amalize kuandika. Mjukuu wangu, ambaye alisoma Ujerumani na kurudi na mazoea ya kutembea haraka, alikuwa amekaa nami kwenye mifuko ya saruji. Nikamwambia kwamba mwenye Kijerumani cha kweli sasa ni yeye, aniambie, neno hili ni kwisha au ni jina la mtu.

Akasema wenyewe hulitamka kwa "r", fertig, na ni kwisha. Nikashusha pumzi. Halafu akasema tena maana yake ni tayari. Nikamwuliza, lipi kati ya hayo. Akasema yote mawili, inategemea linasemwaje. Hata chakula kikiiva wanalisema. Nikamkumbuka yule jirani mpishi na chai yake. Halafu mjukuu akaongeza, bila hata kunionea huruma, kwamba wako pia Wajerumani wanaoitwa hivyo, ni jina la ukoo kabisa.

"Kwa hiyo yule Mzungu huenda aliitwa hivyo kweli?" niliuliza.

"Huenda, Bibi. Hatuwezi kujua."

Maisha yangu yote, na jibu ni hatuwezi kujua. Nilikuwa natafuta neno zuri la kumtukania Mjerumani yeyote aliye karibu, na mjukuu akaendelea tu. Alisema zamani za kale, kabla halijawa kwisha wala tayari, neno hilo lilitokana na neno la safari. Mtu wa namna hiyo alikuwa ni yule aliyekwisha kufunga mizigo yake, anasubiri tu kuondoka.

"Bibi, tayari," kijana wa kofia ya sufu aliita. "Njoo uangalie."

Niliinuka na fimbo yangu, nikiwa nimejiandaa kabisa kusahihisha. Aliandika Ambilikile vizuri. La pili aliandika Feritigi, na ile "r" ambayo babu hakuweza kuitamka maisha yake yote. Nilinyoosha kidole, na kabla sijasema nikajikuta nayasoma majina yote mawili kwa pamoja, kwa Kiswahili. Ameniita. Nimeshafunga mizigo.

Nikarudi kukaa kwenye mifuko ya saruji, na nikamlilia mdogo wangu kama ambavyo sikuwa nimemlilia siku ya kumzika. Kijana alinikimbilia na tambara lake mkononi, ameshalilowesha.

"Nimekosea, Bibi? Nifute?"

"Acha," nilimwambia. "Usiguse."